Ndege ya mizigo iliyozunguka mara saba juu ya Kitengela

Dada mmoja wa Kitengela ameniandikia hivi:

"Mwalimu, habari za siku nyingi. Alhamisi iliyopita, kabla hata sijawasha jiko, nilisikia ndege ikinguruma juu yetu. Ikaenda, ikarudi, ikaenda, ikarudi. Nikafungua ile programu ya simu inayoonyesha ndege na nikaikuta: ni ya mizigo, imechora mviringo juu ya mviringo kuelekea Isinya. Nilihesabu mara saba. Namba ya urefu ilisoma 13,000 mizunguko miwili, 12,000 mitatu, 11,000 miwili, halafu ikaondoka ikatua JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi. Jirani anasema ilikuwa inamwaga sumu. Shemeji anasema rubani alikuwa amepotea. Kijana wangu wa gredi ya saba ananiuliza kwa nini isingeenda Mombasa kama Nairobi kumejaa. Nje kulikuwa na ukungu, ila si ule wa kushindwa kuona lango. Ndege ya mizigo inazunguka angani kutafuta nini?"

Dada yangu, umeuliza vizuri, na zaidi ya kuuliza umeandika namba. Nimekaa kwenye chumba cha rada zaidi ya miaka 20, na watu wengi wamewahi kunisimulia ndege walizoziona zikizunguka. Karibu wote hunieleza rangi na kelele. Wewe umenipa urefu, tena kwa mpangilio. Hizo namba zako tatu ndizo zitakazomjibu shemeji na jirani, kwa hiyo tutazirudia.

Tuanze na jambo ambalo liko wazi mpaka tunalisahau: ndege haiwezi kusimama hewani. Matatu ikikuta jam pale Bellevue husimama, bodaboda huweka mguu chini, lori huzima injini kwenye foleni. Wewe bila shaka hupita Mlolongo ukienda mjini, na watu husema jina la mji ule lilitokana na mlolongo wa malori yaliyokuwa yakingoja zamu kwenye mizani. Ndege nayo hungoja zamu, lakini bawa hubeba pale tu hewa inapopita juu yake kwa kasi. Kasi ikipungua kupita kiasi, bawa huacha kubeba. Basi ndege kubwa inayosubiri ni lazima iendelee kukimbia, na namna pekee ya kukimbia bila kufika mbali ni kurudi pale ulipotoka.

Mzunguko huo haufanywi kienyeji. Umbo lake ni kama kiwanja cha riadha pale Kasarani: kona, mstari mnyoofu, kona, mstari mnyoofu. Kona moja huchukua kama dakika moja, na mstari mmoja dakika moja ndege ikiwa katika futi 14,000 au chini yake. Juu ya hapo mstari hurefushwa kuwa dakika moja na nusu. Mzunguko mzima, kwa urefu ulioutaja, ni takriban dakika nne, na kwa mwendo wa ndege kubwa kila mstari huwa wa kilomita saba au nane. Ndiyo maana uliisikia ikipotea upande wa Isinya, kisha ikarudi. Kona nazo hukatwa polepole, bawa likilala kidogo tu, ili mzigo usisukumwe na ndege isipoteze urefu. Saba mara nne ni dakika 28. Hebu itunze hiyo hesabu.

Sasa nikupeleke ndani ya chumba cha rada asubuhi ya Julai. Enzi zangu kila ndege ilikuwa na ukanda wake wa karatasi, mwembamba kama rula ya mtoto wa shule, umechomekwa kwenye kishikio cha plastiki. Juu yake tunaandika kwa kalamu jina lake la redioni, aina yake, urefu wake na saa. Ukungu ukifunga uwanja, kanda hizo hupangwa ubaoni kama ngazi: chini kabisa ndege iliyo futi 10,000, juu yake ya 11,000, juu yake ya 12,000, na kuendelea. Zote zinazunguka mahali pamoja, moja juu ya nyingine, na kati ya moja na nyingine kuna futi 1,000, yaani kama mita 300. Ya chini ikiruhusiwa kwenda kutua, unauvuta ukanda wake na kumpa mwenzako. Unabonyeza redio, unamwambia wa 11,000 ashuke mpaka 10,000. Unangoja aseme ameuacha urefu wake. Ndipo unamgusa wa 12,000. Hakuna kuruka kidato. Urefu wa zamani unaukata kwa mstari mmoja wa kalamu na kuandika mpya pembeni, na baada ya saa nzima unaweza kuona ukanda wenye namba nne tano zilizokatwa. Hapo unajua huyu amekuwa nasi muda mrefu, na sauti yake umeshaizoea kama ya jirani.

Unaona namba zako zimeingia wapi? 13,000, halafu 12,000, halafu 11,000. Ile ndege ilikuwa inashuka ngazi. Kila ilipopewa kidato kipya, maana yake kuna ndege nyingine chini yake ilikuwa imeondoka kwenda kutua. Rubani aliyepotea hashuki kwa futi 1,000 kamili na kukaa sawasawa kwenye kila kidato. Mwambie shemeji hivyo kwa heshima zote: rubani yule alikuwa anajua alipo kuliko sisi tunavyojua tulipo tukiwa ndani ya soko la Gikomba.

Kuhusu ukungu, lango lako na uwanja wa ndege ni mahali pawili. JKIA iko Embakasi, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, imepakana na nyanda za Athi, na mbuga ya wanyama haiko mbali. Usiku ardhi ile iliyo wazi hupoa haraka. Hewa yenye unyevu inayopanda kutoka upande wa bahari hupoa pia kadiri inavyopanda, na karibu na alfajiri hugeuka wingu linalogusa ardhi. Linaweza kulala juu ya kichwa kimoja cha njia ya kurukia na kukiacha kingine kikiwa wazi bila ukungu. Rubani anayefuata mtambo wa kawaida wa kuongozea ndege kutua anahitaji kuona angalau mita 550 mbele yake, na akifika futi 200 juu ya ardhi bila kuona taa za njia ni lazima apande tena. Ukiwa nyumbani, mita 400 ni kuona vizuri sana, unaona mpaka kwa jirani wa nne. Kwa ndege inayogusa ardhi kwa kilomita 300 kwa saa, mita 400 ni kama sekunde tano.

Na JKIA ina njia moja tu ya kurukia. Ni ndefu, zaidi ya mita 4,100, lakini ni moja. Gurudumu la ndege moja likipasuka katikati yake, kila kitu kilichoko angani hungoja. Saa uliyoisikia ndege yako ndiyo saa ambayo safari za usiku kutoka Ulaya na Ghuba hufika kwa pamoja, na hapo hapo za humu nchini zinaanza kuruka. Ukitia ukungu juu ya hayo, ngazi hujaa.

Kabla sijaendelea, kuna kitu kimoja ambacho simu yako haikukwambia. Ile namba ya urefu huhesabiwa kutoka usawa wa bahari. Kitengela yenyewe iko zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari. Ndege inayosoma 11,000 inapita kama futi 6,000 tu juu ya bati lako, chini kidogo ya kilomita mbili. Mtu wa Mombasa akiona namba hiyo hiyo, ndege yake iko mbali karibu mara mbili. Ndiyo maana watu wa Kitengela, Rongai na Syokimau husema ndege "zinapita chini". Zinapita katika urefu wake sahihi. Ni sisi tulio juu.

Basi hiyo yako nimeshaieleza: foleni ya ukungu. Lakini umeuliza ndege za mizigo huzunguka kutafuta nini, na swali hilo ni pana kuliko Alhamisi moja. Kuna mzunguko mwingine ambao humtisha mtu zaidi, nao ni wa ndege iliyotoka kuruka. Inapanda, haiendi popote, inazunguka nusu saa au saa nzima kwa urefu uleule, kisha inarudi ilikotoka. Hapo mara nyingi mwenye kesi ni uzito.

Ndege kubwa ina uzito wa mwisho wa kuruka na uzito wa mwisho wa kutua, na viwili hivyo havilingani. Chukua Boeing 747-400 ya mizigo. Inaruhusiwa kuruka ikiwa na karibu tani 397, lakini kutua kwa kawaida isizidi tani 300 hivi. Tofauti hiyo ni mafuta yanayotarajiwa kuungua njiani. Sasa fikiria imetoka Nairobi na maua ya Naivasha kwenda Ulaya, na dakika ya kumi taa ya onyo inawaka: injini moja inatikisika, au mlango mmoja unasema haujafunga sawasawa. Si moto, si msiba, ila huwezi kuvuka Sahara na jambo kama hilo. Unataka kurudi, na bado unayo mafuta ya saa nane tumboni.

Nairobi inalifanya tatizo hili kuwa zito kuliko Mombasa, na hapa ningependa unisikilize vizuri kwa sababu watu wengi hata walio kazini hawalipi uzito unaostahili. Kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi. Bawa likitaka kubeba uzito uleule, lazima ndege ikimbie zaidi. Ndege ambayo ingegusa ardhi ya Mombasa kwa kilomita 280 kwa saa, hapa itagusa kwa zaidi ya 300. Inasikika kama tofauti ndogo, lakini nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo inazidi kwa zaidi ya asilimia 15. Breki zikimeza joto kupita kiasi, vizibo maalumu vilivyo ndani ya magurudumu huyeyuka na kuachia upepo, makusudi, ili tairi zisilipuke. Ndege inabaki imekaa katikati ya njia na tairi bapa. Na njia, kama nilivyosema, ni moja. Rubani mwenye busara na mwenye muda hupunguza uzito kwanza. Hiyo hewa nyepesi, ambayo joto la mchana huizidishia wepesi, ni mojawapo ya sababu za ndege nyingi za maua kuruka usiku: kwenye baridi zinaweza kubeba zaidi.

Kupunguza uzito kuna njia mbili. Ndege kubwa kama 747 na 777 zina bomba la kumwagia mafuta hewani, na zinaweza kumwaga zaidi ya tani moja kwa dakika. Ndege ndogo zaidi, kama Boeing 737 na 757 ambazo nyingi zimegeuzwa kutoka abiria kuwa za mizigo, hazina bomba hilo kabisa. Hizo zikitaka kupunguza uzito haziwezi kufanya lingine ila kuzunguka na kuyaunguza mafuta kidogo kidogo.

Hapa ndipo sumu ya jirani yako inapotokea, na sitaki kumdharau, kwa sababu mtu aliyeona mkia mweupe ukitoka kwenye bawa hakuota. Yale ni mafuta ya ndege, ndugu wa karibu wa mafuta ya taa tunayotia kwenye koroboi. Kanuni ni kwamba humwagwa juu, kwa kawaida futi 6,000 au zaidi kutoka ardhini, mbali na mji ikiwezekana, na sisi wa rada tunaziondoa ndege nyingine karibu na eneo hilo. Yakimwagwa juu hivyo hupasuka kuwa ukungu mwembamba, na sehemu kubwa hugeuka mvuke kabla ya kufika chini. Yakimwagwa chini huwafikia watu. Tarehe 14 Januari 2020, ndege ya abiria aina ya 777 iliyokuwa inarudi Los Angeles kwa dharura ilimwaga mafuta ikiwa chini mno, yakawanyeshea watoto waliokuwa kwenye viwanja vya shule, na wengine wakawashwa ngozi na kukosa pumzi. Kwa hiyo hofu ina msingi wake mahali fulani. Lakini ile yako ilikuwa inafika, haikuwa inaondoka. Ndege inayofika baada ya safari ndefu haina mafuta ya kumwaga. Iliyonayo inayahesabu kama mama anavyohesabu unga mwisho wa mwezi.

Mzunguko wa tatu ni wa matengenezo. Magurudumu yamekataa kushuka, au yameshuka lakini taa za kijani zinazothibitisha kwamba yamefunga haziwaki zote. Marubani hupanda, huomba mahali pa utulivu, mmoja anarusha ndege, mwingine anafungua kitabu cha taratibu na kusoma hatua moja moja kwa sauti. Wanajaribu mtambo wa akiba unaoyaachia magurudumu yashuke kwa uzito wake. Mara nyingine huomba kupita mbele ya mnara wakiwa chini, ili watu walioko huko watazame kwa darubini na kusema wanachokiona. Huko Chattanooga, Marekani, tarehe 4 Oktoba 2023, ndege ya mizigo aina ya 757 ilikataa kutoa magurudumu hata kwa mtambo wa akiba. Walizunguka wakijaribu, wakajiandaa, kisha wakailaza kwa tumbo usiku. Ikateleza ikavuka mwisho wa njia. Watu watatu waliokuwa ndani walitoka hai. Muda ule wa kuzunguka ndio uliowapa nafasi ya kujaribu kila kitu na kuwaweka wazima moto tayari.

Nikuambie kitu ambacho ningependa kila mtu wa Kitengela akijue: ndege inayozunguka kwa utulivu ni ndege yenye muda. Pale ambapo hakuna muda, hakuna kuzunguka. Moto ukiwaka ndani, habari za uzito na mafuta huachwa. Rubani anaelekea kwenye lami iliyo karibu. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo aina ya 747-400 iliruka kutoka Dubai ikienda Cologne, ikiwa na shehena yenye betri nyingi za lithiamu. Dakika kama 22 baadaye kengele ya moto ililia. Rubani mkuu akachagua kurudi Dubai. Moshi ulijaa mpaka wakashindwa kuona vipimo vilivyo mbele yao. Ndege ilipita juu ya uwanja ikiwa juu mno kuweza kutua, kisha ikaanguka, na marubani wote wawili wakafariki. Nimewasomea vijana niliowafundisha ripoti ya ajali hiyo mara nyingi, na kila mara chumba kinanyamaza. Betri tunazobeba mfukoni zilibadilisha namna ndege za mizigo zinavyopakiwa duniani, na ninaamini bado hatujafanya vya kutosha.

Sababu nyingine nitazipita haraka. Rais anaruka au mgeni wake anatua, anga linafungwa kwa muda. Watu wa Nairobi wanakumbuka Julai 2015, Barack Obama alipokuja. Uwanja wenyewe unaweza kupata janga, kama moto wa 7 Agosti 2013 ulioteketeza jengo la kuwasili JKIA, ndege nyingi zikapelekwa Mombasa na kwingineko. Kule ziendako ndege zetu za maua, viwanja vingine hulala: Frankfurt haipokei safari za kawaida kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo ndege iliyosukumwa na upepo ikawahi sana inaweza kujikuta inapunguza mwendo au kuzunguka ikingoja lango lifunguliwe. Na sisi tuna viwanja vitatu vilivyobanana, JKIA, Wilson na ule wa jeshi wa Eastleigh, kwa hiyo kumzungusha mmoja ili mwingine apite ni kazi ya kila siku. Yeyote anayeona tunapoteza muda kwa kutenganisha ndege akumbuke 5 Machi 2024, ndege mbili zilipogongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi na watu wawili waliokuwa kwenye ile ndogo wakafariki.

Lakini kuna mzunguko mmoja sitaupita haraka, kwa sababu niliuona kwa macho. Mwaka 1998 nilikuwa Lokichoggio, kule Turkana, kwa kazi ya redio. Njaa ilikuwa imeingia Bahr el Ghazal, kusini mwa Sudan, na Loki ndiyo ilikuwa kituo cha ndege za msaada tangu mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuisaidia Sudan uanze mwaka 1989. Nilipata nafasi moja ya kupanda Hercules, ndege kubwa ya mizigo yenye mlango wa nyuma. Tulipofika juu ya mahali pa kudondosha, rubani hakudondosha. Alizunguka. Mzunguko wa kwanza ni wa kutazama: moshi waliouwasha walioko chini unaelekea wapi, na watu wamesogea kutoka kwenye alama au bado kuna mtoto katikati. Bado kulikuwa na watu. Akazunguka tena. Mara ya tatu mlango wa nyuma ulifunguka, mwanga mkali ukaingia, pua ya ndege ikainuliwa, na magunia yakaanza kuteleza yenyewe kwa uzito, kwanza polepole, halafu yote kwa pamoja kama ng'ombe wanaotoka zizini. Kila gunia lilikuwa limetiwa ndani ya gunia lingine, ili moja likipasuka nafaka ibaki ndani ya lingine. Tukazunguka tena kwa sehemu iliyobaki. Mtu aliyetazama ile njia yetu kwenye rada angesema ndege hii haina kazi.

Na simu yenyewe nayo hudanganya wakati mwingine. Ile programu hupokea ishara ambazo ndege inatangaza mahali ilipo, zikinaswa na vipokezi vilivyotawanyika ardhini, vingi vikiwa kwenye mapaa ya watu wa kujitolea. Ishara ya setilaiti ikivurugwa, kama inavyotokea sana siku hizi karibu na sehemu zenye vita, ndege inaweza kuonekana ikizunguka mji ambao haijaufikia. Kwako wewe hilo halipo, maana uliisikia kwa masikio yako.

Sasa kijana. Swali lake ndilo gumu kuliko yote, na nimeliacha mwisho ili nilijibu kwa nafasi. Kwa nini isingeenda Mombasa?

Kwanza, mafuta. Kila ndege hutoka nyumbani ikiwa na mafuta ya safari, mafuta ya kwenda uwanja mbadala, na juu ya hayo akiba ya mwisho ya dakika 30 ambayo kwa ndege ya injini za jeti haipangiwi kutumika kamwe. Kinachozidi hapo ndicho cha kuzungukia. Ndege ikiwa imejaa, kila tani ya mafuta ya ziada huwekwa kwa kuacha tani ya mzigo, kwa hiyo mwenye ndege ya mizigo hapendi kuongeza ovyo. Rubani anapoingia kwenye mzunguko hupiga hesabu na kutuambia: nina dakika 40, baada ya hapo naondoka. Sisi tunamwambia saa anayoweza kutarajia kuanza kushuka. Tukimwambia dakika 30, anakaa. Tukimwambia 50, anaondoka sasa hivi, hangoji hizo 40 ziishe ndipo aamue. Ile ya kwako ilizunguka dakika 28, kwa hiyo rubani aliahidiwa kitu, na ahadi ikatimia.

Pili, na hili abiria wengi hawalijui: mzigo haushuki ngazi. Ndege ya watu ikipelekwa uwanja wa ugenini, kinachohitajika ni ngazi na basi. Sakafu ya 747 ya mizigo iko karibu mita tano kutoka ardhini, na shehena imefungwa kwenye paleti, yaani mabamba mapana ya alumini, moja ikiwa na tani kadhaa. Bila ile mashine kubwa ya kuinua na kushusha paleti, ndege inaweza kukaa uwanjani siku nzima huku dawa zikipata joto ndani. Mombasa na Eldoret zinapokea ndege za mizigo, lakini mashine na watu wake hupangiwa ndege zinazotarajiwa, mwenye mzigo yuko Nairobi, watu wa forodha wa shehena hiyo wako Nairobi, na lori la kuubeba kupanda nalo kutoka Mombasa ni mwendo wa siku nzima. Marubani nao wana saa za kisheria za kufanya kazi. Wakitua Mombasa na saa zao zikaisha, ndege hailetwi mpaka wapatikane wengine au wao wapumzike. Ukijumlisha hayo, dakika 28 juu ya Isinya ni rahisi kuliko Mombasa.

Mwambie ajaribu hesabu hii mwenyewe. Tuseme ilikuwa 747: ikizunguka huunguza karibu tani kumi kwa saa. Azidishe kwa dakika 28, agawanye kwa 60, apate ilitumia tani ngapi juu ya nyumba yenu. Halafu achukue safari ya Mombasa, kama dakika 45 kwenda, atie na kurudi, alinganishe. Akimaliza, aniandikie jibu lake, na safari hii atie sahihi yeye.